Nilivyonunua nyumba ya mbavu za mbwa Suffolk

Bibi yangu alipoona picha ya kwanza ya nyumba yetu alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, yaani umekaa Ulaya miaka kumi na miwili ukaishie kwenye mbavu za mbwa?"

Sikuwa na la kumjibu. Nyumba ile ya mkulima, kaskazini mwa Suffolk, mashariki ya Uingereza, ni nguzo za mti zilizosimama wima karibu karibu, na katikati yake fito na udongo. Huku wanaiita urithi wa taifa. Kwetu Pangani ukiacha miti ionekane hivyo majirani wanajua hela ya lipu imekuishia njiani. Bibi mwenyewe anaishi kwenye nyumba ya udongo mpaka leo, lakini ya kwake imepigwa chokaa ikafunikwa, huoni hata ufito mmoja.

Tuna miaka saba humo sasa, mimi na mume wangu, Mwingereza anayefundisha fizikia na asiyejua kushika nyundo. Naandika kwa kuwa ndugu wawili watatu wa kwetu walioko huku wameanza kuniuliza kuhusu nyumba za namna hii. Zinapendeza, na zile za vijijini mara nyingine bei yake inashawishi. Sisemi msinunue. Nawaeleza tu yaliyotutoa jasho, na fedha tulizomwaga kwa kutojua.

Tulikwenda kuiona mwezi wa Juni. Mwezi nautaja makusudi. Juni ya Uingereza inamdanganya mtu: waridi limepanda mpaka dirishani, mlango uko wazi, sakafu imepinda kidogo ukaona ni haiba. Dalali alitusimamisha sebuleni, akagonga boriti yenye matundu ya mraba, akasema imetoka kwenye meli ya kivita ya zamani. Mume wangu alitabasamu kwa shaka. Mimi mtoto wa pwani, niliyekua nikiona majahazi yakivutwa ufukweni, ndiye niliyeamini!

Seremala alikuja kunicheka baadaye. Karibu kila nyumba ya aina hii ina hadithi yake ya meli, hata zilizo mbali na bahari. Yale matundu ni ya maungio. Ulimi wa mti mwingine ulikuwa umeingia pale, kulikuwa na ukuta wa kugawa chumba, ukaondolewa. Au gogo zima limetoka kwenye jengo jingine lililobomolewa, maana mti mgumu hakuna aliyeutupa.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali tunaijua sote. Sisi tulifungua, tukaingia, tukaangalia waridi.

Kosa la kwanza lilikuwa la ukaguzi. Mkaguzi wa benki alikaa dakika ishirini, na kazi yake ni kuhakikisha benki haitapoteza fedha zake, si kukusaidia wewe. Tukaongeza £600 tukamlipa mtu wa ukaguzi wa kati. Alikuwa amezoea nyumba za matofali za juzi. Alibandika kifaa chake cha umeme ukutani, kikalia, akaandika kuwa unyevu unapanda kutoka ardhini na tuchome kemikali chini ya kuta zote. Kuta za mti na udongo! Kifaa kile kimetengenezwa kupimia mbao. Ukikiweka kwenye lipu kongwe yenye chumvi kitalia tu, hata ukuta uwe mkavu.

Unachohitaji ni ukaguzi kamili, ule wanaouita wa ngazi ya 3, na ufanywe na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni viunzi vya mti. Muulize kabla hujamlipa: nyumba ya mwisho ya namna hii umeikagua lini, na wapi? Sisi tulimpata baada ya kununua, £1,350, ripoti ya kurasa 74. Ukurasa wa 9 peke yake ungetushushia bei kuliko gharama ya ripoti nzima mara kumi.

Sasa niwaeleze nyumba yenyewe, kwa sababu makosa yetu mengine yote yalitokana na kutoielewa.

Fundi seremala tuliyempata, mzee wa maneno machache, siku ya kwanza hakufungua hata mkoba wa vyombo. Alitupandisha darini na tochi, akaniambia nipitishe kidole kwenye kombamoyo. Kidole kikatoka cheusi. Nikauliza nyumba iliungua lini. Akasema haikuungua, hapo moshi ulikuwa ukipita.

Nyumba ilipojengwa, mwishoni mwa karne ya 15, katikati palikuwa ukumbi mmoja ulio wazi kuanzia sakafuni hadi paani. Moto uliwashwa chini, katikati ya ukumbi, bila dohani, na moshi ukajitafutia njia kwenye paa. Mia moja ya miaka hivi baadaye, mtu aliyepata uwezo kidogo akajenga dohani kubwa la matofali ndani ya ukumbi ule, akaweka na sakafu ya juu. Ndiyo maana ngazi yetu imejibana kando ya dohani kama mtu anayepita uchochoroni, na chumba chetu cha kulala kiko mahali palipokuwa hewa na moshi. Masizi ya miaka mia ile ya kwanza bado yako juu. Niliposhuka nilimwambia mume wangu kuwa jiko la bibi lina dari ya rangi hiyo hiyo, na bibi hapendi mtu aifute. Anasema moshi ndio unaofukuza bungua.

Mti wenyewe ni mwaloni. Waliukata na kuuchonga kwa shoka ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka unakuwa mgumu kama chuma. Kiunzi kizima walikiunga kwanza chini, uwanjani kwa seremala, kila ulimi ukijaribiwa kwenye tundu lake, kisha wakakifungua, wakakibeba na kukisimamisha mahali pake. Ili vipande visichanganyike walivitia alama kwa patasi, tarakimu za Kirumi. Nyumba yetu inazo kwenye nguzo za upande wa bustani: I, II, III, IIII. Nne waliiandika kwa vijiti vinne, si IV, maana ukiigeuza juu chini ungedhani ni VI, na fundi anayepandisha gogo la kilo mia mbili hana muda wa kubishana na hesabu.

Msumari haupo. Maungio yanashikwa na vigingi vya mwaloni, na hapo pana ujanja ulionifurahisha sana. Tundu la kigingi kwenye ulimi halikutobolewa sambamba na lile la kwenye nguzo. Limesogezwa pembeni kidogo tu. Kigingi kinapopigwa nyundo kinalazimika kupinda, na kikipinda kinauvuta ulimi ndani mpaka unakaza. Kisha mti unakauka miaka na miaka, unajikunja, unajisokota, na nyumba nzima inaegama. Kwa hiyo usiogope nyumba iliyoegama. Iliegama zamani, ikatulia. Ogopa ufa mpya.

Kule pwani yetu mti uliamua ukubwa wa chumba. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Huku mtambaapanya mmoja wa mwaloni unavuka mita tano. Mti tofauti, hesabu ile ile.

Kama unafikiria kununua, kwanza nenda West Sussex kwenye jumba la makumbusho la Weald and Downland, huko Singleton. Wana nyumba ya mkulima iitwayo Bayleaf, ya mwanzoni mwa karne ya 15, iliyohamishwa kutoka Kent kwa sababu ya ujenzi wa bwawa la maji. Wameirudisha ilivyokuwa, moto chini, madirisha yasiyo na vioo. Nenda siku ya baridi. Ukitoka pale macho yanakuuma moshi na viatu vimelowa, na bado unaitaka nyumba ya namna hiyo, basi umeshaamua.

Kosa la pili tulilifanya wiki ya sita. Nje, ukuta wa magharibi haukuwa na miti inayoonekana kabisa. Ulikuwa umepigwa simenti. Mtu wa miaka ya 1970 aliona lipu ya chokaa imechoka, akatandika waya na kuufunika ukuta huo kwa simenti. Ilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele. Tukaziba nyufa kwa simenti zaidi, tukapaka rangi ya plastiki, makopo tisa, £410, tukapigana picha.

Februari ya mwaka wa pili nilikuwa nafagia nyuma ya kabati upande huo. Mpini wa ufagio ukagonga ukuta chini kabisa, ukazama. Sikusukuma kwa nguvu. Ulizama kama kijiko kwenye ugali wa jana. Nilipouchomoa ulitoka na kitu cheusi kinachonuka uyoga, na nyuma ya ile simenti, mahali palipopaswa kuwa na gogo la mwaloni la miaka mia tano, palikuwa na tope.

Kiunzi chote kinakaa juu ya gogo la chini lililolazwa kwenye ukuta mfupi wa matofali, na nguzo zote zimesimama juu yake. Likioza, nguzo zinashuka. Na linaoza kwa sababu rahisi. Mti, udongo na chokaa vinaingiza maji mvua inaponyesha na kuyatoa jua linapochomoza. Simenti ni ngumu na haipumui, ila kiunzi chake kinacheza, kwa hiyo inapasuka. Maji yanapenya ufa, yanakosa pa kutokea, yanashuka na kujikusanya palepale kwenye gogo. Mti unaokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi muda mrefu unaanza kuliwa na kuvu. Wa kwetu ulipimwa 31. Rangi yetu ya plastiki ilikuwa imefunga hata kale kanafasi kadogo kalikokuwa kamebaki.

Isitoshe, wenye nyumba waliopita walikuwa wameongeza bustani ya maua mwaka baada ya mwaka mpaka udongo wa nje ukapanda juu ya matofali na kugusa mti. Kuuchimba na kuushusha sentimita ishirini kulituchukua Jumamosi mbili na hakukugharimu kitu. Laiti tungeanza na hilo! Kabla hujatumia senti kwenye nyumba kongwe, zunguka nje mvua inaponyesha, na mwavuli wako. Angalia mfereji wa paa unamwaga wapi. Angalia udongo umefika wapi. Mengine yanasubiri.

Aprili hiyo usiku tukasikia kitu kinagonga ndani ya nguzo, tik tik tik, kinanyamaza, kinajibiwa kutoka ukuta mwingine. Ni bungua wa huku, mdudu wa mwaloni anayegonga kichwa chake kwenye mti kumwita mwenzake. Kampuni moja ikaja, ikatuuzia hofu: kupulizia dawa nyumba nzima, £2,800. Tukalipa £300 za kuanzia. Seremala aliposikia alikuna kichwa tu. Mdudu huyo anapenda mwaloni ulioanza kuoza. Moyo wa mti mkavu unamshinda. Kausha nyumba, atahama au atakufa. Zile £300 hatukurudishiwa.

Matengenezo ya gogo: mita nne na kidogo za mwaloni mpya, miguu ya nguzo tano imekatwa palipooza na kuungwa na mti mpya, jeki zimeshikilia ghorofa wiki tatu. £19,400, VAT ikiwemo. Hapo kwenye VAT ndipo huwa nakasirika mpaka leo. Ukijenga nyumba mpya Uingereza hutozwi VAT. Ukitengeneza ya miaka mia tano unatozwa asilimia 20. Zamani mabadiliko yaliyopewa kibali kwenye nyumba zilizoorodheshwa kisheria kuwa urithi yalisamehewa, lakini tangu Oktoba 2012 msamaha huo umeondoka, na matengenezo ya kawaida hayakuwahi kuwa nao. Ukipewa bei na fundi, uliza kwanza kama VAT imo. Sisi tuliwahi kusahau, na ile asilimia 20 ilikula safari yetu ya Pangani.

Kibali sasa. Nyumba yetu iko kwenye orodha ya taifa, daraja la II, kama zilivyo zaidi ya tisa katika kila kumi ya nyumba zilizoorodheshwa. Watu wanadhani kinacholindwa ni sura ya mbele. Si hivyo. Sheria, ya mwaka 1990, inalinda nyumba yote, ndani na nje, hata ngazi, hata komeo la mlango, hata yale ambayo maelezo ya orodha hayakuyataja. Maelezo ya yetu ni mistari kumi na moja, na aliyeyaandika hakuwahi kupanda darini.

Hatukujua. Mwaka 2018, likizo ya Pasaka, tuliangusha dari ya chumba cha mtoto. Ilikuwa imelegea, vijiti vyembamba vya mbao na lipu ya chokaa iliyochanganywa na manyoya, tukaona takataka. Tukajaza pipa la taka la kukodi, tukapigilia mbao za jasi. Mwaka uliofuata afisa wa uhifadhi wa halmashauri alikuja kwa habari ya gogo la chini. Akapita chumbani, akatazama juu. Akanyamaza. Akaniuliza dari ya zamani iko wapi, na mimi, kwa kujivuna, nikamwonyesha picha za kazi yetu kwenye simu. Nilimpa ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Kufanya mabadiliko yanayogusa thamani ya nyumba ya namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, sijawahi kupata hata faini ya kuegesha gari, na pale nilikuwa nimesimama na soksi zangu nikiambiwa neno jinai. Nililia, nisifiche. Yule afisa hakuwa mkatili. Alisema tuirudishe kwa vijiti na lipu ya chokaa, tuombe kibali cha hilo sawasawa, na jambo litaishia hapo. £3,200. Manyoya ya kwenye lipu siku hizi ni ya mbuzi. Niliposhika lile furushi nilicheka peke yangu.

Maombi ya kibali hicho hayalipiwi, na kwa kawaida jibu linapaswa kuja ndani ya wiki 8. Kinachogharimu ni michoro. Lakini lililo zito zaidi ni hili: makosa ya aliyekuuzia yanahama na nyumba. Kama mwaka 1985 mtu alitoa madirisha ya mti akaweka ya plastiki bila kibali, halmashauri inaweza kukuamuru wewe wa leo uyarudishe, na muda hauifuti amri hiyo. Mwambie mwanasheria wako aulize kila badiliko na karatasi yake kabla hujatia saini. Na kama darini kuna kinyesi cha popo, usiguse kitu. Popo wote huku wanalindwa na sheria, na mtaalamu wa kuwahesabu anafanya kazi hiyo hasa majira ya joto.

Bima? Kampuni tatu zilikataa, ya nne ni ya nyumba kongwe, ni ghali, nasonga mbele.

Tukaja kwenye udongo. Seremala alipofungua ukuta kufikia nguzo zake ilibidi aondoe udongo na fito kwenye matundu saba, yaani nafasi za kati ya nguzo na nguzo, yakafunikwa kwa mbao na turubai. Fundi wa udongo akatupa bei, £640 kwa kila tundu, na nafasi yake ya kwanza ilikuwa miezi 14 mbele. Wale mafundi ni wachache, na wanajua.

Nilichukua tochi nikaenda kutazama tundu la nane, lililobaki zima. Upande mmoja lipu ilikuwa imeanguka. Ndani, fito za hazeli zilikuwa zimesimama wima, zimefungwa kwa kamba kwenye vijiti vilivyolala, fundo moja baada ya jingine. Udongo umesukumwa katikati yake, una mabua, una punje ya shayiri ambayo haikuota. Na nyuma, mahali ambapo hakuna aliyetarajiwa kutazama, palikuwa na mifereji minne ya vidole vya mtu aliyeukandamiza ungali mbichi.

Nikapiga simu ya video.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona uko gizani?"

Nikageuza kamera. Akaomba nisogeze. Akaweka miwani. "Kwani Wazungu nao wanakandika?" Halafu akasogea mpaka nikaona paji la uso tu. "Huyo alikuwa na mkono mdogo. Atakuwa mwanamke, au mtoto. Na kamba zake amezifunga kwa juu, si vibaya. Udongo mnao?"

Udongo tulikuwa nao. Sehemu kubwa ya Suffolk ni udongo wa mfinyanzi wenye chembe za chokaa ya asili. Ukichimba nusu mita unautoa. Juni 2021 tulichimba bwawa dogo la mabata tulilokuwa tukilitaka, tukautumia. Jirani mfugaji alitupa ndoo nne za samadi mbichi bila kuuliza, ila mkewe aliuliza. Bibi ndiye aliyesimamia kazi kwa simu, wiki mbili, mimi nimeegemeza simu juu ya ndoo.

Alitutukana mara ya kwanza tu. Tuliuponda udongo na kuuweka siku ile ile. "Ulale na maji," akasema, "ulale usiku kucha, asubuhi uukanyage." Udongo uwahi ungali maji, kweli, lakini kwanza uyanywe hayo maji. Mume wangu akakanyaga pekupeku, suruali imekunjwa, akinieleza jinsi maji yanavyoshikana na chembe za udongo, na bibi akiuliza anasema nini. Jambo la pili: watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, mnatupa donge wakati mmoja, uso kwa uso, fito zikiwa katikati yenu. Ukitupa peke yako linaanguka upande wa pili. Fundi wa Suffolk alikuja kuniambia maneno hayo hayo baadaye, akitaka kunifundisha.

Ulipokauka ulipasuka. Niliogopa. Bibi akasema lazima upasuke, acha umalize, kisha uloweshe na kuziba. Tukaziba. Juu yake chokaa, si ya mfuko wa poda tu bali iliyolowekwa ikawa kama mtindi mzito, tabaka nyembamba, kila tabaka ukuta umelowa kwanza. Vaa miwani ya kazi. Chokaa ikiingia jichoni ni hospitali, na hilo nalisema kama muuguzi. Kazi ya chokaa fanyeni kati ya Aprili na Septemba, kabla ya barafu. Tone la maji likiganda ndani ya lipu ambayo haijashika, inakuja chini kama unga. Tulipotea njia tulipiga simu SPAB, chama kilichoanzishwa na William Morris na wenzake mwaka 1877 kuokoa majengo ya kale. Wana ushauri wa bure kwa simu, na hawakucheki.

Matundu saba yalitugharimu £380, karibu yote ya chokaa na fito. Simenti ya ukuta wa magharibi tuliibandua kwa mikono, na miti hatukuiacha wazi. Kwa sehemu kubwa ya Suffolk viunzi vingi vya mti vimefunikwa kwa lipu tangu zamani. Ile sura ya miti myeusi na kuta nyeupe iliyo kwenye kalenda ilishamiri zaidi kwa mapenzi ya watu wa karne ya 19. Bibi alifurahi. Alisema sasa ndiyo nyumba. Ila pale juu kushoto, akasema, mmeacha kibyongo. Kipo hadi leo. Unyevu wa gogo la chini ulipimwa Machi iliyopita: asilimia 17.

Juzi mjomba amenipigia kutoka Pangani. Anasema wajukuu tuchange, nyumba ya bibi imechoka, wanataka kuipiga simenti nje na ndani kabla ya masika, ameshapata bei ya mifuko arobaini. Nimemwomba asinunue chochote mpaka Jumapili, nitakapompigia bibi mwenyewe.